Maji ya Tini

Injini ilikohoa mara mbili, ikatema moshi mweupe, ikanyamaza. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatatu ya mwezi wa pili, na upepo wa kusini ulikuwa umekilaza chombo ubavu tangu walipoipita rasi. Lukša alikitandika kifuniko cha injini ngumi kana kwamba kimemtukania mama.

"Maji yameingia kwenye dizeli," alisema.

"Na sasa?"

"Na sasa ufunge mdomo, ushike ndoo."

Vicko akashika ndoo. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao marefu zaidi katika miaka miwili. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, nyumba zao zimetenganishwa na ukuta wa mawe unaofika kifuani, na kwa miaka miwili walipitana gatini kila mmoja akiangalia upande wake. Sasa walikuwa ndani ya chombo cha mbao cha mita saba, hakuna pa kuangalia pengine.

Figo za Vicko zilikufa zote mbili kabla hajafika miaka hamsini. Tangu hapo, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipanda meli ya abiria hadi mji wa Split, bara, akalala saa nne kando ya mashine inayosafisha damu, kisha akarudi kisiwani akiwa kama nguo iliyokamuliwa. Muda mrefu kuliko wote bila mashine ulikuwa huo wa kutoka Ijumaa hadi Jumatatu. Jumapili ile jioni tangazo likabandikwa mlangoni mwa ofisi ya meli: hali mbaya ya hewa, hakuna safari kesho. Perina, mkewe Vicko, akazunguka ule ukuta wa mawe, akagonga mlango wa shemeji yake, akasimama pale mpaka Lukša akainuka kutafuta viatu ili ampeleke Vicko kwa chombo chake.

Kisa cha uadui wao nakijua, maana kisiwani kwetu hakuna asiyekijua. Daktari aliwaita ndugu waje wapimwe, pengine mmoja angeweza kutoa figo moja na bado akaishi vizuri. Lukša hakwenda. Alisema baani, mbele ya watu, "Mimi ni mvuvi, si duka la vipuri." Maneno hayo yalimfikia Vicko kabla Lukša hajamaliza glasi yake.

Kisha kulikuwa na lile jambo la viazi. Vicko alikatazwa viazi, ila vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, vichemshwe tena na maji ya pili nayo yamwagwe, ili yale madini ya potasiamu yatoke. Sisi tunakunywa maji ya mvua tunayoyahifadhi kwenye tangi chini ya nyumba. Maji ya kuoshea uso tunamwagilia mboga, ya kuchemshia mboga tunapikia supu. Perina alionekana akimwaga sufuria nzima kwenye mawe mara mbili kwa siku, na kijiji kikamjadili kama mwanamke mlevi. Aliyemjadili kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Lukša.

Sasa bahari iliwajadili wote wawili. Wimbi lilipanda juu ya tezi, nyuma ya chombo, likaingia lote. Vicko aliteka na kumwaga, akateka na kumwaga. Lukša alitupa nanga, kamba ikakimbia mkononi mwake, ikanyooka, ikakatika. Akatazama kiganja chake kilichochanika toka kidole gumba hadi kifundoni, akakifunga ngumi.

"Tunapelekwa Golac," alisema.

Golac ni jiwe. Lina urefu wa mita mia tatu hivi, vichaka vya miiba, shakwe, na kibanda cha mchungaji kisicho na paa. Kondoo walishaondolewa huko zamani kwa kukosa maji. Chombo kilipigwa kwenye mwamba wa kwanza kikalia, kikapigwa kwenye wa pili kikapasuka ubavuni, na wimbi la tatu likakipandisha juu ya mawe likakiacha hapo kimelala kiubavu. Vicko aliuona mfuko wake ukitoka nje kwa utulivu kabisa: wali mweupe, mkate mweupe usio na chumvi, dawa zake za figo. Ulielea kidogo, ukajaa maji, ukazama.

Waliokoa walichoweza. Jiko dogo la gesi. Sufuria na kikombe. Chupa ya konyaki iliyobaki nusu. Kopo la dagaa wa chumvi. Na kamba mbili za tini kavu, zile tunazoanika juu ya paa kila mwezi wa nane, ambazo mvuvi wa kwetu hatoki gatini bila kuwa nazo.

Nyuma ya ukuta wa kibanda palikuwa na kinga ndogo ya upepo. Vicko alirarua shati lake, akakishika kile kiganja bila kuomba ruhusa, akakimwagia konyaki. Lukša alitukana watakatifu wanne kwa majina yao.

"Tulia," Vicko alisema. "Mimi huchomwa sindano mbili nene kama misumari, mara tatu kwa wiki. Sijamtaja hata mtakatifu mmoja."

"Hukuwajua vizuri tangu ukiwa mtoto."

Waliyatafuta maji kwa kutambaa, maana kusimama kulikuwa kujitupa. Vidimbwi karibu vyote juu ya mawe vilikuwa vimeshachanganyika na rasharasha ya bahari. Kimoja tu, ndani ya kibanda, kwenye jiwe lililochongwa kunyweshea kondoo, kilikuwa na maji ya mvua. Yalikuwa kama lita tano. Lukša aliyaonja, akayafunika kwa ubao wa chombo chake.

Mchana ule Lukša alikula dagaa saba na tini kumi, akanywa maji kikombe kimoja, akajifuta ndevu.

"Kula."

"Sili."

"Unachagua? Hapa?"

"Sichagui mimi. Nisikilize, maana sitarudia," Vicko alisema. Meno yalikuwa yakimgongana. "Wewe umekula chumvi ya wiki nzima kwenye hao dagaa. Figo zako zimeshaiona. Zitaitoa, na maji zitayabana, utakojoa kidogo na rangi ya chai. Hizo tini nazo zimejaa potasiamu. Figo zako zitachukua kile mwili unachohitaji na kinachozidi zitakitupa nje kabla jua halijazama. Kesho ukila kitu kingine, zitabadilisha hesabu. Huziambii, hata huzijui kama zipo. Zangu hazifanyi hivyo. Kila kinachoingia kinabaki ndani, mpaka mashine ikitoe. Chumvi itanipa kiu, nikinywa maji yatapanda kwenye mapafu. Tini zitausimamisha moyo."

"Tini!" Lukša alicheka kwa kebehi. "Babu yetu aliishi miaka tisini kwa tini."

"Babu yetu alikuwa anakojoa."

Baadaye Lukša alitoka kujisaidia nyuma ya ukuta, na alipogeuka akamkuta mdogo wake akimtazama kwa husuda tupu, jinsi mwenye njaa anavyomtazama mtu anayetafuna.

"Rangi gani?" Vicko aliuliza.

"Nini?"

"Rangi gani, bwana mkubwa?"

"Ya chai," Lukša alisema kwa hasira, akafunga suruali.

Vicko alikuwa na vipande kumi na viwili vya sukari mfukoni, vimefungwa kwa nailoni. Hivyo ndivyo vilivyokuwa chakula chake Jumatatu nzima, na Jumanne asubuhi vikawa vimebaki vinne. Maji aliyanywa kwa kifuniko cha chupa, akayazungusha mdomoni kabla ya kumeza. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho. Kikohozi kilimwanza. Upepo haukupumzika hata dakika moja, na mvua iliyokuwa ikitishia ilipita mbali kusini ikawaachia baridi peke yake.

Mpango wa Lukša ulikuwa chombo chake. Kilipasuka mbao tatu tu, alisema. Fundi akija na gogo la kuvutia, kitaelea tena kabla ya Pasaka. Kilikuwa cha baba yao. Yeye ndiye aliyekirithi, na ndicho kilichomlisha. Jumanne asubuhi alikifunga kwa kamba zote zilizobaki ili bahari isikichukue, akitumia mkono mmoja na meno.

Aliporudi alimkuta Vicko amelala kiubavu, midomo ya kijivu.

"Nimeshindwa," Vicko alisema polepole. "Mwili ukikosa chakula kabisa unaanza kujila wenyewe, na hilo nalo linamwaga potasiamu kwenye damu. Lazima nile kitu. Nipikie tini."

"Ndiyo maneno hayo!"

"Ngoja. Zikate ndogondogo. Uzichemshe kwa maji mengi. Maji uyamwage. Utie mengine, uchemshe tena, umwage tena. Halafu unipe tini mbili, si zaidi."

Lukša alitazama jiwe la maji. Yalibaki kama lita tatu.

"Niyamwage?"

"Uyamwage."

"Mara mbili?"

"Kama viazi vya Perina, ambavyo ulivitangaza kisiwa kizima."

Hapa nataka nimwelewe Lukša, ingawa simpendi. Alizikata tini kwa uangalifu kwa kisu chake cha samaki. Alizichemsha. Alipoinua sufuria ili aimwage, mkono ulikataa. Maji yalikuwa ya kahawia, matamu, yana moto, na mbele yake kulikuwa na mtu anayetetemeka kwa baridi na kukohoa. Kwetu, mtoto akikohoa hupewa nini? Maji ya tini. Mama yao aliwapa hayo kila kipupwe, pamoja na majani machungu ya mlimani yanayonukia, na yale majani yalikuwa yameota hapohapo miguuni pake. Moyoni alisema tini zina ubaya, sawa, basi tini nitazitupa. Lakini maji yana kosa gani? Hakufikiria kwamba ubaya umeshahamia kwenye maji. Akawatupia shakwe tini zilizochemka, akatia majani na konyaki kidogo kwenye yale maji, akajaza kikombe.

"Tini zimeungua," alidanganya. "Kunywa chai ya majani kwanza."

Vicko alikishika kikombe kwa mikono miwili. Joto lilimshuka kooni hadi tumboni, akafumba macho. Konyaki na uchungu wa majani vilifunika mengine yote. Alimaliza. Lukša akamjazia tena, Vicko akanywa nusu, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa rangi ilimrudia usoni kidogo.

"Nzuri," alisema. "Ina utamu."

"Nimetia sukari."

Vicko akafumbua macho. Akaingiza mkono mfukoni taratibu, akatoa ile nailoni. Vipande vinne vilikuwa vyote mle.

"Sukari ipi, Lukša?"

Lukša akaisukuma sufuria nyuma yake.

"Sukari ipi?"

"Ni maji tu," Lukša alisema. "Tini nimezitupa zote. Naapa. Ni maji tu."

Vicko hakupoteza pumzi kumtukana. Aliingiza vidole viwili kooni, akatapika juu ya mawe, akaingiza tena. Kilichotoka hakikuwa hata nusu. Akakaa akiegemea ukuta, akaweka vidole shingoni, akaanza kuhesabu mapigo. Lukša alisimama mbele yake ameshika kikombe tupu, hajui akiweke wapi.

Haikupita saa moja midomo ya Vicko ikaanza kufa ganzi. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Baadaye akasema miguu. Lukša aliishika miguu akaiinua, ikaanguka kama kamba iliyolowa. Akapiga magoti, akaweka sikio kifuani mwa mdogo wake. Moyo ulipiga. Ukapiga. Ukakaa kimya, kimya kirefu kiasi cha Lukša kuinua kichwa kumtazama usoni. Kisha ukapiga tena.

Hofu iliyompata pale hakuwahi kuipata baharini. Baharini mtu anaogopa kitu kilicho nje yake. Hiki alikuwa amekipika yeye mwenyewe, kwa jiko lake, akakipa jina la chai.

"Nifanye nini? Sema, nifanye nini?"

"Sukari. Vyote vinne. Sukari ikiingia kwenye misuli inayavuta na haya madini ndani, yakae mbali na moyo. Kwa muda tu. Saa moja, mbili." Akavitafuna vipande vyote vinne, makombo yakimdondoka kwenye shati. "Halafu mashine."

"Mashine iko Split."

"Najua iliko. Nilikuwa nakwenda."

Lukša akatoka kibandani. Upepo ulikuwa umegeuka saa ile, ukija sasa toka magharibi, mkavu, na mawingu yamepanda. Mbali upande wa mlango wa bahari, aliona meli tatu za kuvulia dagaa zikitoka bara kwa kazi ya jioni, ndogo kama punje. Alipunga koti lake mpaka bega likauma. Alipiga kelele, jambo la kipumbavu, maana zilikuwa umbali wa maili tano. Zilikuwa zinapita.

Akageuka akakitazama chombo.

Mbao zake zilikuwa zimepakwa lami kwa miaka arobaini. Tangini kulikuwa na dizeli, na juu ya dizeli yenye maji daima kuna dizeli safi. Nyavu za nailoni zilikuwa zimejaa mbele. Hakusimama kuaga. Alilifungua bomba la tangi kwa teke, akazilowesha nyavu, akarusha matairi mawili ya kuzuilia mgongano juu yake, akawasha jiko la gesi akalitupa ndani. Moto uliinama kwanza, kama unaokataa. Kisha ukashika lami, na moshi mweusi ukasimama juu ya Golac mrefu kuliko mnara wa kanisa lolote. Lukša alilia waziwazi. Nyusi zilimuungua na hakusogea.

Meli moja ilipinda.

Ilichukua dakika arobaini kufika. Kwa dakika zote hizo Lukša alikaa kibandani amempakata mdogo wake, sikio kifuani, akimtukana ili asilale.

"Fumbua macho, mvivu wewe. Tangu utotoni unakimbia kazi."

"Unanuka dagaa," Vicko alinong'ona.

"Na wewe unanuka matapishi. Hesabu. Nataka nikusikie ukihesabu."

"Hesabu wewe. Sikio ni lako."

Basi Lukša akahesabu. Moja. Mbili. Kimya. Tatu. Meli haikuweza kusogea karibu na mwamba, ikateremsha boti ndogo, na Lukša akaingia majini mpaka kifuani, Vicko mgongoni kama gunia, mkono uliochanika ukiwaka kwa chumvi. Waliwavuta ndani. Nahodha alikuwa ameshapiga redio bara. Alitaka kuwapa supu ya samaki yenye viazi, na Lukša akalipiga bakuli kwa kiwiko likaruka baharini.

"Asipewe kitu!" alifoka. "Hata maji yake asipewe!"

Jua lilikuwa linagusa maji gari la wagonjwa lilipowapokea bandarini.

Sista Nevenka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, alimuunganisha Vicko na mashine huku daktari akimdunga dawa ya kuukinga moyo. Damu ya kwanza ilipopimwa aliisoma karatasi, akaisoma tena, akavua miwani.

"Potasiamu nane nukta mbili. Wewe Vicko, hii ni namba ya maiti. Umekula nini?"

"Tini," Vicko alisema. "Njaa iliniuma. Nilikula mwenyewe."

"Miaka miwili nakufundisha! Miaka miwili! Mtoto wa darasa la kwanza angekuwa..."

"Mwongo huyo." Lukša alikuwa amesimama mlangoni, maji yakimtiririka kwenye sakafu safi. "Alikataa tangu jana. Mimi ndiye niliyemnywesha. Aliniambia nimwage, sikumwaga."

Sista akamtazama toka soksi hadi nyusi zilizoungua.

"Na wewe ni nani?"

"Kaka yake. Yule ambaye hakuja kupimwa. Nipimeni sasa. Hapahapa, toeni damu, toeni chochote."

Vicko aligeuza kichwa juu ya mto.

"Sitaki," alisema.

"Nini?"

"Sitaki figo ya mtu aliyelowa na anayetetemeka. Leo ungenipa hata kichwa chako. Nenda nyumbani, ulale, ule, bahari itulie, ukitazame ukuta wetu kwa siku mbili tatu. Kama bado unataka, rudi. Kama hutaki, usirudi, na mimi sitakutaja baani. Sasa toka, unamlowanishia sista sakafu."

Lukša alitoka. Perina alimkuta kwenye ngazi za hospitali asubuhi iliyofuata, akampita bila kumsalimu, kisha akarudi akamvalisha koti la Vicko.

Ijumaa bahari ya Adria ilikuwa laini kama kioo, na meli ya abiria ilifika kwa wakati. Vicko alikuwa ameshalala kando ya mashine, damu yake ikitoka kwa bomba moja na kurudi kwa jingine, alipoona mtu amekaa kwenye kiti cha korido. Alikuwa amenyoa ndevu. Alivaa koti jeusi, lile tunalovaa kanisani na mazishini, na kiganja kimefungwa bandeji mpya. Walitazamana kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Bahari?" Vicko aliuliza.

"Shwari."

"Umelala?"

"Nimelala."

"Umekula?"

Lukša akatikisa kichwa.

"Sijala," alisema. "Wamesema anayepimwa aje na tumbo tupu."